Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Utafiti na Mawasiliano kwa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu wa Sayansi

Maswali haya hurudi kila mwaka wanafunzi wapya wa sayansi wanapoanza uzamili au uzamivu, hasa katika vyuo vya Tanzania. Mifano mingi imechukuliwa kwenye kilimo cha mwani Zanzibar, kwa kuwa hata mtu wa fizikia au kemia anaweza kuifuata bila taabu. Maswali yana namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine.

## Kuanza

1. Shahada ya kwanza nilifaulu vizuri. Mbona huku najiona sijui kitu?

Kwa sababu kinachopimwa si kile kile. Kule ulipewa swali ambalo mwalimu alishajua jibu lake. Huku swali ni lako, jibu hana mtu, na msimamizi naye anakisia, ingawa anakisia kwa uzoefu. Aliyekuwa wa kwanza darasani kwa kukariri huyumba kuliko aliyezoea kuhangaika na jambo mpaka likaeleweka. Hali hii hupungua ukishaanza kushika data zako mwenyewe.

2. Nianze lini kuandika tasnifu?

Wiki ya kwanza, na sisemi hivyo kwa kukutia hofu. Anayesema "nitaandika nikishamaliza data" hugundua kasoro ya mbinu zake siku anapojaribu kuieleza kwa maandishi, na siku hiyo msimu umeshapita na pesa ya uwandani imekwisha. Kuandika ndiko kunakokuonyesha kwamba hukufikiri vizuri. Heri ukionyeshwa mapema.

Zoezi moja linalosaidia kuliko semina nyingi: kabla hujaenda uwandani, chora majedwali na michoro ya sura ya matokeo yakiwa matupu. Andika vichwa vya safu, vipimo, na kitakachokaa kwenye kila mhimili. Utaona papo hapo kwamba dodoso lako lina maswali kumi na mbili yasiyoingia kwenye jedwali lolote, na kwamba jedwali la tatu linahitaji joto la maji ambalo hukupanga kulipima. Mpelekee msimamizi majedwali hayo matupu. Ni rahisi kuyajadili kuliko kurasa thelathini za maelezo.

Sura ya mbinu nayo iandike wakati unafanya kazi yenyewe. Miezi sita baadaye hutakumbuka sampuli zilikaa kwenye jokofu kwa nyuzi ngapi.

3. Naambiwa mada yangu ni pana mno. Naipunguzaje?

"Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mwani Zanzibar" si swali. Ni kazi ya taasisi nzima kwa miaka ishirini. Anza na unachokijua kuhusu jambo lenyewe. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 kwenye pwani ya mashariki, na wakulima wengi ni wanawake. Aina zinazopandwa ni mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ina bei nzuri zaidi, lakini haivumilii maji yanapopata joto kali, na sehemu nyingi imekuwa ikifa.

Hapo swali linaanza kuonekana: je, wakati wa kaskazi, cottonii iliyofungwa kwenye maji ya kina hukua haraka kuliko iliyopandwa kwenye vigingi karibu na ufukwe? Sasa una kitu cha kupima, vitu viwili vya kulinganisha, mahali na msimu. Kipimo changu ni hiki: taja matokeo yatakayokulazimu kusema "hapana". Ukishindwa kuyataja, mada bado ni pana.

## Kusoma

4. Nasoma makala nyingi lakini sikumbuki kitu. Kuna namna?

Usisome makala ya kisayansi kama riwaya, kutoka mwanzo hadi mwisho. Soma kichwa na ikisiri, kisha ruka mpaka kwenye michoro na majedwali. Jiulize: kwa data hizi, mimi ningehitimisha nini? Ndipo usome wanachodai waandishi. Pale hitimisho lako na lao yanapotofautiana ndipo pa kurudi kwenye mbinu na kusoma kwa makini.

Ukimaliza, andika sentensi tatu kwa maneno yako bila kutazama makala: waliuliza nini, walifanyaje, na wewe unaamini kiasi gani. Sentensi ya tatu ndiyo yenye thamani, maana mapitio ya machapisho yanayorudishwa na msimamizi mara nyingi ni orodha ya "fulani alisema, fulani alisema" isiyo na hukumu ya mwandishi. Tumia Zotero tangu siku ya kwanza. Ni ya bure, na itakuondolea adha ya kupanga marejeo kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

5. Makala ninayoitaka inauzwa dola arobaini. Nifanyeje?

Usilipe. Nenda kwanza kwa mkutubi wa chuo ukamuulize kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida ya kisayansi bure au kwa bei nafuu. Mpango huu ulianza mwaka 2002 kwa majarida ya afya kupitia Hinari, ukaongezewa AGORA ya kilimo mwaka 2003, na mingine ikafuata. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi, kwa hiyo nywila iko maktaba. Nimeona wanafunzi wakihangaika mwaka mzima ilhali nywila iko ghorofa ya chini.

Ikikosekana huko, tafuta kama mwandishi aliweka toleo la awali kwenye hifadhi huria. Hata hapo pakiwa patupu, mwandikie mwandishi mwenyewe mistari mitatu. Wengi hufurahi kuona kuna mtu anataka kuwasoma.

## Msimamizi

6. Nimemtumia msimamizi sura nzima, wiki sita hajajibu. Nimkumbushe vipi bila kumkosea adabu?

Tazama kwanza ulichomtumia. Barua pepe inayosema "Shikamoo Prof., naomba maoni yako" ikiwa na kurasa sitini ndani yake haina swali, kwa hiyo husubiri siku ambayo Prof. atapata nafasi ya kusoma kurasa sitini. Siku hiyo haipo. Tuma kurasa chache, eleza umefanya nini, umekwama wapi, njia mbili unazoziona, na ipi unaipendelea. Kisha funga hivi: "Prof., nisipopata maelekezo tofauti kufikia tarehe 14, nitaendelea na njia ya kwanza." Hakuna utovu wa adabu hapo. Umemrahisishia kazi, maana anaweza kujibu kwa neno moja akiwa kwenye foleni ya benki.

Kila mkikutana, mwandikie siku hiyo hiyo muhtasari wa mistari mitano ya mliyokubaliana. Kama kimya kinafika miezi, peleka suala kwa mratibu wa masomo ya uzamili idarani, kwa maandishi, ukiambatisha mihutasari hiyo.

7. Wasimamizi wangu wawili wanapingana.

Usiwe mjumbe wa kupeleka maneno huku na huku. Waombe kikao kimoja cha nusu saa, weka hoja zote mbili kwenye ukurasa mmoja, waache wazungumze wao kwa wao. Wewe andika muhtasari.

## Uwandani, maabara na data

8. Vibali gani nahitaji?

Inategemea unachotafiti na mahali. Utafiti wa afya unaogusa binadamu unahitaji kibali cha maadili: Tanzania Bara kamati ya taifa iko chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na Zanzibar kuna Taasisi ya Utafiti wa Afya ya Zanzibar. Vibali vya utafiti Tanzania Bara vinashughulikiwa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na wanyamapori wanaingiza TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Ukivuka mpaka, Kenya utakutana na NACOSTI na Uganda UNCST, ambazo ndizo tume na baraza la sayansi la nchi hizo. Sampuli za kibiolojia zinazokwenda nje ya nchi zinahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli, na hilo lianze kushughulikiwa mapema kuliko unavyodhani.

Kibali cha taifa hakikupeleki moja kwa moja kijijini. Barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya au halmashauri, kata, kijiji. Zanzibar, bila sheha hufiki popote. Usiione hatua hii kama urasimu tu. Mtendaji au sheha aliyekupokea vizuri ndiye atakayekuambia kwamba wiki uliyoipanga ni ya maji ya bamvua, na wakulima wa mwani watakuwa baharini.

9. Sampuli ngapi zinatosha?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloulizwa vibaya kuliko yote. Kabla ya "ngapi" kuna "za nini".

Rudi kwenye mfano wa swali la 3. Umefunga kamba 60 kwenye kina kirefu mahali pamoja, na kamba 60 ufukweni mahali pamoja. Unajihisi una sampuli 120. Kwa swali la kina, unazo mbili tu: eneo moja la kina na eneo moja la ufukwe. Kamba 60 za eneo moja zinashiriki mkondo ule ule, mchanga ule ule, samaki wale wale wanaokula mwani. Ukiona tofauti, huwezi kujua kama imeletwa na kina au na upekee wa sehemu zile mbili. Kuongeza kamba zifike 600 hakubadilishi kitu. Ungechukua maeneo sita ya kina na sita ya ufukwe, kila moja kamba 10, jumla ni kamba zile zile 120 na sasa una la kusema.

Kosa hili lina ndugu zake kila mahali: panya kumi wa kizimba kimoja, wanafunzi mia wa shule moja, vipimo vitatu vya chupa moja. Uliza daima: kitu nilichokibadilisha, nimekibadilisha mara ngapi kwa kujitegemea?

Ukishalijibu hilo, idadi hukokotolewa kwa kutaja mambo manne: tofauti ndogo kabisa yenye maana kwako, data zinatawanyika kiasi gani, hatari ya kudai tofauti isiyokuwepo, na hatari ya kuikosa iliyopo. Mtakwimu atakusaidia kukokotoa, lakini tofauti yenye maana utaitaja wewe. Mwone kabla ya kwenda uwandani. Akiletewa data mbovu zilizokwisha kusanywa hana dawa.

10. Katika programu za takwimu, nijifunze R, SPSS au Stata?

Kama maabara yenu yote hutumia Stata, jifunze Stata ili upate wa kumuuliza. Kama unachagua mwenyewe, R: ni ya bure, haina leseni ya kuisha katikati ya tasnifu, na kila hatua inabaki imeandikwa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtahini akiuliza jedwali la nne lilipatikanaje, faili lako linaeleza. Ukibofya menyu bila kuhifadhi amri zake, unabaki na kumbukumbu ya kichwani.

11. p yangu ni 0.03. Nimethibitisha dhana yangu?

Hapana. Tuseme kina hakileti tofauti yoyote kwa ukuaji wa mwani. Katika hali hiyo ya kufikirika, p hukuambia uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama uliyoiona, au kubwa zaidi, kwa bahati tu. Haikuambii uwezekano wa dhana yako kuwa kweli, wala ukubwa wa tofauti. Ukipima kamba za kutosha, tofauti ya gramu mbili inaweza kupata p ndogo sana huku mkulima haoni chochote mfukoni. Andika ukubwa wa tofauti na mipaka yake ya asilimia 95 (confidence interval, yaani masafa ya thamani zinazoendana na data zako), halafu p ifuate.

12. Data nizihifadhi vipi?

Nakala tatu, mahali tofauti, moja nje ya chumba unacholala. Data ghafi usiziguse kamwe: safisha nakala, acha asili ilivyo. Daftari la maabara liwe na tarehe na kurasa zenye namba, na kosa likatwe kwa mstari mmoja linaloweza kusomeka, lisifutwe. Ukikusanya kwa simu kupitia KoboToolbox au ODK, jaribu fomu na watu halisi kabla ya siku yenyewe.

Majina na namba za simu za washiriki zikae faili tofauti na majibu yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019.

## Kuandika na kuchapisha

13. Kiingereza changu kinanikwamisha. Nianzie wapi?

Mara nyingi kinachokwama ni hoja, na Kiingereza kinasingiziwa. Jaribu hivi: mweleze mwenzako kwa Kiswahili, kwa mdomo, aya hiyo inataka kusema nini. Ukiweza kwa sentensi mbili, iliyobaki ni kazi ya lugha, na hiyo ina msaada: sentensi fupi, jambo moja kwa sentensi, kitenzi kikae karibu na mtenda. Ukishindwa hata kwa Kiswahili, hakuna mhariri atakayeokoa aya hiyo.

Soma makala tano za jarida unalolilenga ukitazama jinsi zinavyojengwa tu: utangulizi una aya ngapi, swali linatokea wapi, matokeo yanafunguliwaje. Mtandao wa AuthorAID nao huwaunganisha watafiti wa nchi zinazoendelea na walezi wa uandishi, bila malipo.

14. Naruhusiwa kutumia akili unde (AI)?

Soma kanuni za chuo chako na za jarida kwanza, kwa sababu hazifanani. Msimamo ulioenea kwa wachapishaji ni kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika, na kwamba matumizi yake yatajwe. Kunyoosha sarufi ya ulichoandika wewe ni jambo moja. Kuitaka ikuandikie mapitio ni jingine kabisa, maana hubuni marejeo yenye majina ya watu halisi na majarida halisi lakini makala hazipo. Mtahini huhitaji dakika moja tu kulibaini hilo. Rejeo ambalo hujalifungua kwa macho yako lisiingie kwenye tasnifu. Wala usiilishe majibu ya washiriki wako (tazama swali la 12).

15. Nani anastahili jina lake kwenye makala?

Kwenye sayansi ya afya hufuatwa vigezo vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: awe amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, data au uchambuzi, awe ameandika au kuhariri kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi yote. Vyote vinne kwa pamoja. Aliyekuazima gari au kusaini barua anashukuriwa kwenye shukrani.

Najua ilivyo idarani: kuna mkubwa ambaye jina lake "lazima liwepo". Silaha ya mwanafunzi ni wakati. Mpangilio wa majina ujadiliwe mwanzoni, kabla kazi haijawa na thamani ya kugombewa, na uandikwe kwenye muhtasari wa kikao (swali la 6).

16. Nimepata barua ya jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku tano. Ni la kweli?

Barua inayokuita "mtafiti mashuhuri" na wewe uko mwaka wa kwanza tayari imejieleza. Uhakiki wa wataalamu hauishi siku tano. Angalia kama unalifahamu bodi lake la wahariri na kama wenyewe wanakiri kuwa wamo, ada imetajwa wapi, na makala zake zilizopita zina ubora gani. Orodha ya DOAJ husaidia kwa majarida huria, ingawa kukosekana humo peke yake si ushahidi wa utapeli.

Usidharau majarida ya nyumbani kama Tanzania Journal of Science, wala hifadhi ya AJOL inayokusanya majarida ya Afrika. Na kama jarida la nje linatoza ada, wachapishaji wengi husamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini. Omba wakati wa kuwasilisha. Ukishakubaliwa ndipo ukaomba, umechelewa.

## Kusimama mbele ya watu

17. Nimepewa dakika kumi na tano. Slaidi ngapi?

Panga kuzungumza dakika kumi na mbili, tatu ni za maswali. Idadi ya slaidi si hoja. Hoja ni kwamba kila moja iwe na jambo moja, na kichwa chake kiwe sentensi inayosema jambo hilo. "Matokeo" si kichwa. "Cottonii ilikua haraka zaidi kwenye kina" ni kichwa. Jedwali la safu kumi na nne libaki kwenye tasnifu.

Zoezi zuri ni la shindano la tasnifu kwa dakika tatu, lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008: slaidi moja tuli, dakika tatu, hadhira isiyo ya fani yako. Lifanyeni wenyewe idarani Ijumaa mchana. Halihitaji bajeti.

18. Naogopa kuuliza swali kwenye semina. Nikionekana mjinga?

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitia mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto kwenye friji na ukaganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne aliporudi Dar alilipeleka swali maabara, na mwaka 1969 makala yao ya pamoja ikatoka kwenye jarida la Physics Education. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe lipo na kwa sharti gani.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ujasiri. Mimi hunivutia zaidi jinsi swali lilivyoundwa: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote kwenye friji, kwa nini cha 100 kinaganda kwanza? Swali la namna hiyo mtu anaweza kwenda kulipima hata kama anadhani umekosea. Basi andika swali lako kwenye karatasi kabla hujanyosha mkono, na uweke namba zake.

19. Siku ya utetezi wa tasnifu watahini huuliza nini?

Karibu kila mara: kwa nini mbinu hii na si ile, nini kipya, ungefanya nini tofauti, na matokeo yako yanaishia wapi. Udhaifu wa kazi yako utaje mwenyewe kabla hawajautaja. "Sijui, ila ningelipima hivi" ni jibu halali. Jibu refu la kuzunguka humfanya mtahini achimbe zaidi.

20. Nirudishe vipi matokeo kwa wananchi waliotoa data?

Rudi. Wengi hawarudi, na ndiyo maana mtafiti anayefuata hupokelewa na swali "na wewe umekuja kutuuliza tena?" Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili usio na p wala majina ya Kilatini, kisha usome kwa sauti mbele ya mkulima mmoja kabla ya mkutano. Anza na wanachotaka kujua: tupande wapi, mwezi gani, inalipa? Faida ya kupanda kwenye kina ikitajwa, taja pia kwamba inahitaji mashua, na kwamba wengi wa wanawake wanaolima mwani hawajui kuogelea. Wasipolisikia kwako, watakuuliza wao. Mkutano upange kwa kufuata maji, na umwachie sheha aufungue.

## Yasiyo ya kawaida

21. Sikupata tofauti yoyote. Tasnifu imekufa?

Haijafa, mradi jaribio lilikuwa na uwezo wa kuiona tofauti kama ingekuwepo (swali la 9). Ripoti mipaka ya asilimia 95: ikiwa myembamba na imezunguka sifuri, umeonyesha kwamba kina hakina athari kubwa, na hiyo ni habari kwa mtu anayetaka kununua mashua. Ikiwa mipana, sema hivyo. Usirudi kuchambua vikundi vidogo vidogo mpaka p moja ishuke chini ya 0.05.

22. Data zangu ni sehemu ya mradi wa msimamizi. Nikihitimu ni za nani?

Mara nyingi mkataba wa mfadhili na sera ya chuo vimeshaamua, na mwanafunzi hajawahi kuonyeshwa. Omba kuvisoma kabla ya kukusanya sampuli ya kwanza. Kisha pata kwa maandishi mambo matatu: data zipi unaruhusiwa kutumia kwenye tasnifu, nani ataandika makala ipi kwanza, na kama utazipata ukishaondoka chuoni. Mwanafunzi wa pili akiletwa kwenye mradi huo huo, muhtasari ule nao umpatie nakala.